Majibu Niliyoyaweka Jikoni kwa Mama

Jumatatu, 6 Oktoba

Kozi sita za matofali leo. Ukuta wa kaskazini umefika usawa wa dirisha. Mvua saa nane, dakika ishirini hivi, kisha jua likarudi kama halikuhusika. Mgongo unauma palepale.

Kapita Deo, msimamizi wetu, alitukusanya baada ya kazi. Kampuni imesema kuanzia Desemba fundi asiye na cheti hashiki mwiko. Atakuwa ayede: kuchanganya udongo, kubeba ndoo, kuwapandishia wenzake matofali. Mtihani ni Jumamosi tarehe 15 Novemba, kule Kabuga. Wa kuandika asubuhi, wa mikono mchana. Ukianguka wa kuandika, unasubiri mpaka mwezi wa pili na ndoo yako kichwani.

Nina miaka arobaini na saba. Najenga tangu nina kumi na sita. Kubeba ndoo tena siwezi. Mgongo hautakubali, na mimi mwenyewe sitakubali.

Selestini alicheka njia nzima. Huyu ni Mrundi wa Ruyigi, fundi mzuri kuliko mimi, tunakaa chumba kimoja hapa Kagugu, Kigali, mwaka wa pili sasa. "Weye nionyeshe ukuta mmoja ulioanguka kwa sababu fundi hakujua kuandika," akasema.

Sehemu ya mikono siiogopi. Naogopa kiti na meza.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepewa kijitabu cha mtihani. Kurasa thelathini na mbili. Kipo cha Kiswahili, nashukuru. Vipimo vya mchanganyiko, zege, linta, usalama kazini. Mengi nayafanya kila siku. Namba zake sizijui.

Nimenakili kurasa sita kwenye daftari kabla giza halijaingia. Rula, vichwa vya habari vimepigiwa mstari mara mbili. Ndivyo tulivyosoma kule kwetu Kasulu. Mwalimu anajaza ubao, tunanakili, anafuta, anajaza tena. Aliyenakili vizuri ndiye aliyesoma. Daftari langu la darasa la tano lilipitishwa madarasani kama mfano. Mama hakujua kusoma. Alilifungua jioni moja, akapitisha kidole, akasema mistari imenyooka kama matuta ya maharage. Alikuwa na mafuta ya mawese mkononi. Alama ya kidole ilibaki kwenye ukurasa ule mpaka mwaka ukaisha.

Sikuwa nimekumbuka hilo kwa muda mrefu sana.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kurasa kumi na tisa sasa. Mkono umekakamaa.

Selestini alichukua daftari kwa mzaha, akauliza: zege hunyweshwa maji siku ngapi? Nimelinakili jibu hilo mara mbili. Halikuja. Kazini najua, nanywesha mpaka kapita aseme basi. Selestini alicheka, halafu akaacha kucheka. Hiyo ya kuacha iliniuma zaidi.

Jumanne, 14 Oktoba

Tunajenga vyumba vinne vya shule. Darasa la zamani liko karibu na jukwaa langu la kujengea, hatua mbili tu, na dirisha lake halifungi. Kila Jumanne na Alhamisi saa nne anaingia mwalimu mmoja, Josiane, kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Amesomea saikolojia. Hafundishi hesabu wala Kiingereza. Anawafundisha namna ya kusoma. Sikujua kama hilo ni somo. Anatumia Kinyarwanda, na Kinyarwanda kwa Muha kama mimi ni Kiha kilichovaa viatu. Nasikia yote.

Leo aliwapa ukurasa wausome mara tatu. Akauliza nani anaujua. Nilisikia madawati yakilia, mikono yote juu. Akasema wafunge, waandike walichokisoma. Hata kalamu hazikusikika. Akawaambia: ukisoma mara ya tatu unazoea sura ya karatasi kama unavyozoea sura ya mtu, ukadhani umemfahamu. Mwulize jina lake uone.

Nilisimama na tofali mkononi. Kapita akapaza sauti kutoka chini: "Mutanzaniya, iko napanga matofari ama iko narudia shure?" Darasa zima likacheka. Mwalimu akageuka dirishani. Nikajificha nyuma ya ukuta wangu mwenyewe. Mtu mzima.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mwalimu Josiane alinifuata wakati wa chakula. Ana miaka kama thelathini na tano. Kakulia Karagwe, wazazi wake walirudi Rwanda akiwa msichana mkubwa. Akaniambia shikamoo. Karibu nilie. Hapa hakuna anayeniamkia hivyo.

"Matofali yako yananyamaza nikianza kuongea, fundi," akasema. Nikamweleza habari ya mtihani, ya ndoo, ya kunakili. Hakucheka. Alipekua daftari taratibu, akasifu mwandiko. Halafu akasema, "Sasa lifunike, baba." Akanionyesha. Swali upande mmoja wa kikaratasi, jibu nyuma. Jiulize kwa mdomo, jibu, ndipo ugeuze. Ukikosea sawa. Rudia kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki. Anasema jambo likianza kusahaulika, ukalitafuta mwenyewe ukalipata, hapo ndipo linapokaa.

Nikamwambia kichwa changu ni kibovu tangu darasa la saba. Akasema katika kazi yake hajaona kichwa kibovu. Kaona vichwa vilivyotishwa.

Sijui kama naamini. Nimekata vikaratasi kwenye mfuko wa saruji.

Jumapili, 19 Oktoba

Kanisani asubuhi. Nikafua. Selestini kalala mchana kutwa.

Vikaratasi vinanitesa. Kunakili kulikuwa kutamu, unaona kazi uliyoifanya. Huku unaona usichokijua tu. Ishirini, nimepata saba. Jana nilipata tano.

Niseme la darasa la saba, kwa kuwa halijaandikwa popote. Siku ya mtihani nilitembea na mama mpaka mtoni. Akanivusha, maji yalikuwa juu. Alinipa viazi viwili vya kuchoma, vya moto, nikavishika kwenye mifuko ya kaptula kupasha mikono. Nikakaa kwenye dawati. Karatasi ikageuka nyeupe. Maandishi yalikuwepo, niliyaona, ila hayakunifikia. Nilitoka na nusu ya maswali sijayagusa. Matokeo yalipokuja, mwalimu wa hesabu aliyasoma mbele ya shule nzima. Kwangu alitua, akasema huyu mwandiko tu ndio mzuri.

Nilirudi nyumbani. Baba alikuwa anachoma tanuri. Hakuuliza, alinipa kalibu ya kufyatulia tofali. Mama aliuliza. Nikasema bado hayajatoka. Mwaka mzima aliendelea kuuliza.

Jumanne, 21 Oktoba

Mwalimu leo kafundisha kitu cha ajabu. Chagua nyumba unayoijua vizuri, anasema, unayoweza kuitembea umefumba macho. Kila unachotaka kukumbuka kiweke mahali pake ndani ya nyumba hiyo. Kiwe cha kuchekesha au cha kushangaza, maana kichwa hushika vioja kuliko mambo ya kawaida. Ukihitaji jibu, ingia nyumbani utembee.

Nilijua nyumba yangu kabla hajamaliza sentensi.

Ya baba na mama, ile ya kwanza. Vyumba viwili, jiko la nje la nyasi, pipa la mawese, migomba nyuma. Haipo tena. Kaka aliibomoa akajenga ya bati. Nilipoiona picha kwenye simu nilisema hongera, nikaenda kunawa uso.

Jumamosi, 25 Oktoba

Umuganda asubuhi, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Mtaa wetu umezibua mfereji. Nilipangiwa sepetu, na nikiwa napiga sepetu nilikuwa Kasulu.

Mlangoni nimeweka mchanganyiko wa kujengea: karai moja ya saruji imeketi kwenye kigoda kama mgeni, na karai nne za mchanga zimepiga magoti mbele yake. Moja kwa nne. Kwenye uchaga wa vyombo nimeweka linta. Imelala juu ya mawe mawili na kukalia kila jiwe sentimita ishirini. Mama kaisimamisha sufuria juu yake. Jikoni, kwenye mafiga, nimeweka bonge la zege. Mama analinywesha kwa kibuyu. Kibuyu cha kwanza, cha pili, mpaka cha saba. Siku saba. Analinywesha na huku anagomba, nani kaniletea uchafu huu jikoni. Chini ya kitanda cha baba ni siku ishirini na nane za zege kukomaa, tofali ishirini na nane, na baba analalamika kitanda kimeinuka.

Nilicheka peke yangu mferejini. Jirani akaniuliza kama niko sawa.

Alhamisi, 30 Oktoba

Maswali ishirini. Nimepata kumi na saba. Sijawahi kupata kumi na saba ya kitu chochote.

Nafanya juu ya jukwaa, kozi moja maswali matatu. Ukuta unapanda upesi hata kapita hana la kusema. Alisema moja tu: "Mutanzaniya amepata mashetani ya kusoma." Sikujali.

Ajabu ni nyumba. Kila siku inaongezeka bila mimi kuijenga. Nimeona ufa wa ukutani tuliokuwa tunafichamo peremende. Nimesikia harufu ya mawese yakichemka, ile ya mwisho karibu na kuiva, inayokaa kooni. Jana nilimwona mama kwa nyuma, kakipiga kilemba chake cha bluu upande. Hicho kilemba nilikuwa nimekisahau kabisa. Sikukiweka mimi.

Nataka kuingia hata nisipokuwa na swali.

Jumanne, 4 Novemba

Vibaya. Naandika ili yasibaki kifuani.

Mwalimu Josiane alinitayarishia mtihani wa kujaribu. Maswali kumi na tano, nusu saa, ndani ya chumba tulichokimaliza sisi wenyewe, kwenye dawati jipya. Alisema kichwa kikizoea kujibu juu ya jukwaa tu, kitadai jukwaa. Ni vizuri kukaa mahali panapofanana na pa mtihani.

Swali la kwanza lilikuwa la kunywesha zege. Nikaingia jikoni. Mama alikuwepo, kibuyu mkononi. Akageuka. Nikamwangalia. Moshi, mafiga, mguu wake wenye kovu la jembe. Nilikuwa najua nina kazi ya kufanya pale. Sikukumbuka ni kazi gani. Nilikaa.

Mwalimu akasema muda umekwisha. Nilikuwa nimejibu manne.

Hakusema neno baya. Mimi ndiye niliyesema. Nilimwambia hizi ni hila za watoto wa shule, mtu aliyechoka aachwe apige tofali zake. Nikatoka. Hata sikumuaga.

Selestini aliniona usoni akaweka maji ya chai. Hajui kufariji. Akasema, "Tutabeba ndoo wote, mzee. Nitachagua nyepesi nikupe."

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeomba radhi. Mwalimu alisema hakukasirika. Aliuliza nilikwama wapi, nikamweleza mpaka mwisho. Kwamba mama alifariki wakati wa korona. Kwamba mpaka ulikuwa umefungwa. Nilisimama Rusumo siku mbili, nikarudi. Sikumzika.

Kisha akasema, "Wanafunzi wangu huweka majibu kwenye nyumba tupu, baba. Wewe umeyaweka kwenye nyumba yenye watu." Alijilaumu kwa kutowatahadharisha watu wazima, maana watoto hawana nyumba za namna hiyo. Akanishauri nihame. Nitumie jengo hili la shule, mlango kwa mlango.

Nimejaribu mchana kutwa. Saruji mlangoni, linta juu ya dirisha la kwanza. Yanakaa, halafu yanadondoka. Jengo halina harufu. Nimepata tisa kati ya ishirini. Zimebaki siku tisa.

Jumapili, 9 Novemba

Jambo dogo limetokea. Nilikuwa nimekaa kitandani na vikaratasi. Selestini akaingia kutoka kisimani, bila hodi, bila salamu, akapita mbele yangu akachukua sabuni yangu akageuka kutoka. Nilikuwa na hasira za siku tano. Nikamwambia, "Kwenu ndivyo mnavyoingia kwa watu? Kama mbuzi?"

Akasimama. "Kwetu?" akasema. "Kwetu nilipiga makofi mlangoni, nikainama, nikangoja mama anijibu mpaka mwisho. Ndipo nikaomba chumvi."

Alitoka na sabuni. Hajawahi kutaja mama yake miaka miwili yote. Wala mimi sikuwahi kuuliza.

Na kwetu ni vivyo hivyo. Huingii jikoni kwa mama ukachukua kitu. Unapiga makofi taratibu, unainama, unaamkia. Anauliza umeamkaje, watu wako wameamkaje, ng'ombe wa jirani wameamkaje. Unajibu yote. Salamu ya Muha haina haraka, watu wa Kigoma mjini hutucheka kwa hilo. Ikiisha ndipo unasema shida yako.

Wiki mbili nimekuwa naingia jikoni kwa mama yangu, ambaye sijamwona miaka saba sasa, na kudokoa namba. Ndio maana aligeuka. Mimi mwenyewe ningegeuka.

Jumanne, 11 Novemba

Nimerudi nyumba ya kwanza. Kabla ya swali lolote, naamkia. Naipitisha salamu yote, tangu makofi. Namwambia niko Kigali, mgongo unauma, wajukuu wanakua. Kisha namwambia, mama, nimekuja kuchukua vitu vyangu. Anarudi kwenye kazi yake, naye anagomba kuhusu zege. Napita.

Kumi na nane kati ya ishirini. Kwenye dawati, si jukwaani.

Nilimweleza mwalimu. Alicheka mpaka akafuta macho, akasema haya hakuyakuta chuoni. Kisha akawa makini. Akasema usifanye salamu ndani ya muda wa mtihani, itakula dakika. Ifanye nje, kwa kalamu. Anawaambia hata wanafunzi wake: kabla ya kuingia, andika unachokiogopa, chote, bila kujipamba. Hofu ikiwa kichwani inachukua nafasi ya majibu. Ikiwa kwenye karatasi inakaa kwenye karatasi.

Alisema pia nilale mapema Ijumaa, nisijaze kichwa. Nitalala.

Nilimwomba Selestini achukue vikaratasi walau siku mbili hizi. Alivitazama akavirudisha. "Mikono yangu itaniombea," akasema.

Jumamosi, 15 Novemba

Kabuga. Nje ya ukumbi. Saa mbili kasoro. Tuko watu kama sitini, wote mikono mikavu. Selestini kaegemea ukuta anatafuna karanga.

Naandika alivyosema.

Naogopa karatasi itakuwa nyeupe. Naogopa kukaa. Naogopa kubeba ndoo chini ya dirisha la watoto walioanza kuniita fundi. Naogopa yule mwalimu wa hesabu alisema kweli. Naogopa mkono utatetemeka na hata mwandiko, kitu pekee nilichosifiwa, utaharibika.

Mwakeye, mama, umeamkaje. Napiga makofi. Nimeinama.

Nimeamka salama. Watu wangu wameamka salama. Huku kuna ukungu, kule kwetu nadhani mnapanda maharage. Mama, siku ile niliyosema matokeo bado, yalikuwa yametoka. Nilianguka. Nilikudanganya mwaka mzima, nawe ulikuwa unajua, maana watu wote walijua. Uliendelea kuuliza ili niseme mwenyewe. Sikusema. Sasa nasema. Na mazishini sikuja. Nilifika mpaka wa Rusumo. Nilitazama ng'ambo siku mbili. Nisamehe hilo.

Wanatuita.

Jioni. Karatasi haikuwa nyeupe. Nilijibu maswali yote isipokuwa mawili, la vizima moto na la kipimo cha kokoto. Nilipita jikoni mara nne, hakunizuia. Mchana tukajenga kona, kila mtu yake. Yangu ilinyooka. Ya Selestini ilikuwa nzuri kuliko zote pale, msimamizi aliita wengine waje waione.

Tukirudi, karibu na Remera, Selestini akasema tu, "Maswali yalikuwa mengi." Nimechoka kwa namna ambayo kazi hainichoshi.

Alhamisi, 27 Novemba

Matokeo. Kapita Deo aliyasoma kutoka kwenye simu, sote tumesimama kwenye kokoto. Nilitaka aniite pembeni. Hakuniita.

Nimefaulu. Wa kuandika na wa mikono.

Nilisubiri furaha ije kwa kishindo. Ilikuja kidogokidogo, kama mtu anayeulizia njia. Kapita akanishika bega. "Mutanzaniya, sasa iko fundi wa karatasi." Wengine walicheka, nami nikacheka.

Selestini kafaulu wa mikono. Wa kuandika hakufika nusu. Deo alilisoma jina lake kwa sauti ileile aliyosomea yangu. Nilitazama chini. Nilijua anavyosikia masikioni sasa hivi, ule mlio nilioupata mimi darasa la saba. Alisema, "Sawa," akachukua koti.

Nilimpelekea mwalimu habari dirishani. Alipiga makofi mbele ya darasa, nao wakapiga, hawajui kwa nini. Sikukaa.

Jumatatu, 1 Desemba

Selestini ameanza uayede. Deo kampanga kwangu. Sijui kama ni huruma au ukatili.

Kapandisha ndoo ya kwanza akaiweka miguuni pangu bila kunitazama. Udongo wake ulikuwa sawa kabisa, moja kwa nne, hata hakupima. Mikono yake inajua. Nikachota, nikapanga. Niliona anatazama kiungo kimoja kati ya matofali nilichokiacha kipana. Angekuwa yeye asingekiacha. Nikakitoa nikakipanga upya.

Mtu bora kuliko mimi ananibebea udongo kwa sababu ya dawati. Najisikia mwizi. Na bado nisingebadilishana naye, nalo hilo nimeliandika.

Jumapili, 7 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Hakuna aliyetoka.

Baada ya chakula Selestini alikaa kwenye kitanda changu, jambo ambalo hafanyi. Akaviokota vikaratasi vya mfuko wa saruji, akavipanga, akavipangua. Akauliza bila kunitazama kama ile nyumba niliyomsimulia ni lazima iwe nzuri. Nikamwambia yangu ilikuwa ya udongo. Akauliza kama ni lazima iwe bado imesimama. Nikasema yangu ilibomolewa.

"Ya kwetu sijui," akasema. "Tulitoka usiku mmoja. Sijauliza mtu."

Nikamwambia afumbe macho. Nilitumia maneno ya mwalimu kama nilivyoyasikia dirishani, mengine nimeyasahau, nikajaza ya kwangu. Nikamwuliza anaona nini.

Mabati yalikuwa yanapiga kelele. "Mlango hauanzi," akasema. "Kunaanza njia. Upande huu kuna kahawa ya mzee. Imezaa." Akanyoosha mkono wa kushoto kuonyesha, akiwa amefumba macho.

Nikamwuliza kama ameingia.

"Bado. Nimesimama."

Sikumharakisha. Mtihani ni mwezi wa pili.